Tarehe Moja, Siku Nyingi: Mwongozo Kamili wa Kuandaa "Siku Kama ya Leo"

Kila asubuhi, kabla ya wimbo wa taifa, mwanafunzi mmoja wa chama chetu cha Kiswahili husimama mbele ya wenzake, mgongo ameupa mlima Wanale, akasoma karatasi isiyozidi dakika tatu: mambo yaliyowahi kutokea tarehe kama ya leo. Kazi hii nimeisimamia hapa Mbale kwa miaka kadhaa. Walimu wa shule za jirani huniomba "ile orodha". Orodha sina haja ya kuwapa, maana zimejaa kwenye intaneti, na nyingi zimenakiliana makosa. Ninachoweza kuwapa ni namna ya kuifanya kazi yenyewe. Itamfaa mwalimu, itamfaa mtangazaji wa redio ya jamii anayefungua kipindi cha alfajiri, na hata mzazi anayetaka kumwambia mtoto wake siku aliyozaliwa ina nini zaidi ya keki.

Mfano wangu mkuu utakuwa 9 Oktoba, kwa kuwa kila Mganda anaijua, na wachache wanajua ina nini kingine.

Tenganisha tarehe na siku

Anza hapa, kwa sababu ukikosea hapa utakosea kote. Tukisema "mambo haya yalitokea siku moja", mara nyingi tunamaanisha tarehe tu. Jambo moja liliangukia 9 Oktoba mwaka 1874, jingine 9 Oktoba mwaka 1967. Hayakukutana popote isipokuwa kwenye kalenda ya ukutani. Mara chache, hata hivyo, utapata mambo mawili yaliyoangaziwa na jua moja, na hayo ni dhahabu.

Tarehe 9 Oktoba 2012, Uganda ilikuwa uwanja wa Kololo, Kampala, ikiadhimisha miaka 50 ya uhuru. Siku hiyohiyo, katika bonde la Swat kule Pakistan, msichana wa miaka 15 aitwaye Malala Yousafzai alipigwa risasi kichwani ndani ya gari la shule, akirudi nyumbani kutoka kwenye mtihani. Miaka miwili baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa na miaka 17. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza mbele ya wasichana wa kidato cha pili, uwanja ulinyamaza. Wazazi wao wanaikumbuka Jumanne ile: walikuwa wapi, redio ya nani ilikuwa inalia. Mambo mawili yaliyopata siku moja ya kweli humfanya mtoto aulize nyumbani, na akishauliza nyumbani, kazi yako imefanikiwa.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako usiandike "siku hiyohiyo" kama ni tarehe tu. Sema "tarehe kama hii, mwaka 1967". Liweke neno "siku hiyohiyo" kwa ajili ya yale yanayostahili.

Boksi la kadi

Nunua karatasi mbili tatu za manila, uzikate kadi za ukubwa wa kiganja, na utafute boksi la viatu. Kadi ni 366, maana 29 Februari nayo ina watu wake. Kompyuta ni nzuri, lakini umeme ukikatika saa kumi na mbili asubuhi boksi halikatiki, tena wanafunzi wanapenda kuishika kadi waliyoiandika wenyewe.

Kila tukio liwe na mambo haya kwenye kadi: mwaka, mahali, nani, saa kama inajulikana na ni saa za wapi, siku ya juma, na ulikoipata habari. Andika kwa penseli. Ukishahakikisha, pitishia kalamu ya wino. Kwetu ni mwiko kusoma kilichoandikwa kwa penseli, hata kama mgeni rasmi yupo na karatasi ni fupi.

Kukusanya: anzia uani kwako

Kosa la kawaida ni kufungua intaneti, kuandika tarehe, na kuchukua kumi za kwanza zinazojitokeza. Utapata wafalme wa Ulaya, wanamuziki wa Marekani na meli zilizozama, na mtoto wa Namatala, mtaa wa hapa Mbale, hataelewa vinamhusu nini. Anza na Uganda, nenda kwa majirani, kisha Afrika, halafu dunia.

Kadi yetu ya 9 Oktoba ilijaa hivi. Mwaka 1962 Uganda ilipata uhuru. Usiku wa manane pale Kololo bendera ya Uingereza ilishuka, na yetu yenye nyeusi, njano na nyekundu, na ndege wa kishungi katikati, ikapanda. Apollo Milton Obote alikuwa Waziri Mkuu, na Gavana Walter Coutts akageuka kuwa Gavana Mkuu kwa niaba ya Malkia. Mwaka mmoja kamili baadaye, 9 Oktoba 1963, cheo hicho kiliondoka na Kabaka Edward Mutesa wa Pili akawa Rais wa kwanza. Watoto wengi hudhani nchi ilipata uhuru na rais siku moja. Kadi hii huwasahihisha.

Mwaka 1906, huko Joal nchini Senegal, alizaliwa Léopold Sédar Senghor, mshairi aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi yake na akakaa madarakani hadi mwaka 1980 alipojiuzulu mwenyewe. Mwaka 1967, katika kijiji cha La Higuera huko Bolivia, aliuawa mpiganaji wa mapinduzi Ernesto Che Guevara. Hili la Che lilikuwa la mbali mpaka mwanafunzi mmoja mwenye asili ya Kongo alipouliza kama ni yule wa Tanganyika. Ndiye. Mwaka 1965 Che alivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akaenda kupigana mashariki ya Kongo, na jina lake la siri huko lilikuwa la Kiswahili: Tatu. Wakubwa wawili waliotangulia kwenye orodha waliitwa Moja na Mbili. Tukio la Bolivia likawa na mlango wa kuingilia kwetu, na mlango wenyewe ni lugha yetu.

Mwaka 1874, mjini Bern nchini Uswisi, nchi 22 zilitia saini mkataba uliozaa Umoja wa Posta Duniani, na ndiyo sababu 9 Oktoba ni Siku ya Posta Duniani. Hapa naongeza mkia mdogo ambao si wa tarehe hiyo: stempu za kwanza za Uganda, mwaka 1895, zilipigwa kwa taipureta na mmisionari Ernest Millar, na bei zake ziliandikwa kwa kauri, zile simbi tulizotumia kama fedha. Mkia unaruhusiwa ilimradi useme wazi kwamba ni mkia.

Hao wanatosha kukuonyesha njia. John Lennon naye alizaliwa 9 Oktoba, mwaka 1940, lakini nimemwacha. Dakika tatu ni chache, na kueleza alikuwa nani kunakula dakika mbili.

Kuhakikisha

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanaporuka.

Kanuni ya kwanza ni mashahidi wawili wasiojuana. Tovuti mbili zilizonakiliana ni shahidi mmoja, hata zikiwa ishirini. Tafuta kitabu na gazeti, au gazeti na hati ya serikali. Kwa mambo ya Uganda ya miaka ya sitini, Uganda Argus ndilo lililokuwa gazeti la kila siku kwa Kiingereza. Wakati wa Idi Amin likageuzwa Voice of Uganda. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere ina hazina ya magazeti ya zamani, na kwa sheria na matangazo rasmi kuna Gazeti la Serikali. Ukilipata gazeti, kumbuka linasimulia ya jana. Habari ya 9 Oktoba iko kwenye gazeti la tarehe 10. Nimeshaona tukio likisogezwa siku moja mbele kwenye ubao wa matangazo kwa sababu tu mtu aliinakili tarehe iliyo juu ya ukurasa.

Pili, uliza: hii ni tarehe ya nini hasa? Tukio moja huweza kuwa na tarehe nne. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha 30 Novemba 1999, ukaanza kufanya kazi 7 Julai 2000. Ukiandika "Jumuiya ilizaliwa" bila kueleza, mwenzako atakuletea tarehe nyingine na wote mtakuwa sahihi. Che alikamatwa tarehe 8, akauawa tarehe 9. Uvunje mfupa: kusaini au kuanza, kukamatwa au kufa, kufa au kuzikwa, kikao au tangazo.

Mfano unaouma zaidi ni wa 3 Juni. Kila mwaka mahujaji hutembea kwenda Namugongo, wengine wakianzia huku kwetu mashariki kwa miguu, na kila mwaka mtu husimama kwenye kipaza sauti akasema mashahidi wote wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa imani yao, walichomwa moto 3 Juni 1886. Siyo. Siku hiyo ndiyo Charles Lwanga na kundi kubwa waliuawa Namugongo. Lakini Joseph Mukasa Balikuddembe alikatwa kichwa 15 Novemba 1885, na Jean-Marie Muzeeyi aliuawa 27 Januari 1887. Mashahidi 45 wanaohesabiwa, 22 Wakatoliki na 23 Waanglikana, walikufa kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, mahali mbalimbali. Kusema hivyo hakupunguzi heshima yao. Mtu aliyefia imani yake anastahili angalau siku yake mwenyewe.

Tatu ni saa. Dunia haichi kwa pamoja. Chombo cha Apollo 11 kilitua mwezini 20 Julai 1969, na kwa saa zetu ilikuwa saa tano na dakika 17 usiku, bado tarehe 20. Lakini Neil Armstrong aliukanyaga mwezi wakati Kampala ilikuwa saa kumi na moja na dakika 56 alfajiri ya tarehe 21, ingawa Marekani ilikuwa bado usiku wa tarehe 20. Vilevile 9 Oktoba 1963, siku Mutesa alipokuwa Rais, kaskazini mwa Italia kipande kikubwa cha mlima kiliporomoka ndani ya bwawa la Vajont. Maji yaliruka juu ya ukuta, ukuta wenyewe ukabaki umesimama, na vijiji vya bondeni vikafagiliwa. Walikufa watu karibu 2,000. Italia ilikuwa saa nne na dakika 39 usiku. Hapa ilikuwa saa sita na dakika 39, tarehe 10 imekwisha kuingia. Ni jua lilelile, au si lilelile? Mimi huandika tarehe ya mahali tukio lilipotokea, na saa zetu naziweka pembeni.

Kiswahili kimetubariki kwa maneno ambayo lugha nyingine huyatafuta: "usiku wa kuamkia". Makomando wa Israeli walipovamia uwanja wa ndege wa Entebbe kuwakomboa mateka wa ndege iliyotekwa, ndege ya kwanza ilitua karibu na saa sita usiku. Vitabu vingine husema 3 Julai, vingine 4 Julai, na watu hubishana. Sisi tunasema usiku wa kuamkia 4 Julai 1976 na ubishi unakwisha. Litumie kila jambo linapovuka saa sita.

Nne ni kalenda. Mapinduzi ya Urusi huitwa ya Oktoba lakini yanakumbukwa 7 Novemba, kwa kuwa Urusi ya mwaka 1917 ilifuata kalenda ya kale iliyokuwa nyuma kwa siku 13. Kwao ilikuwa 25 Oktoba. Karibu zaidi na sisi ni kalenda ya Kiislamu. Idi husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo "alifariki siku ya Idi" hakukupi tarehe mpaka ujue mwaka, na hata ukiujua, mwandamo unaweza kuwa ulitofautiana kwa siku moja kati ya mji na mji. Tena kwa hesabu hiyo siku huanza magharibi. Muulize imamu, mara nyingi msikiti una kumbukumbu.

Na wazee? Wazee ni mashahidi, wasikilize kama mashahidi. Huku Bugisu wengi hupima miaka kwa imbalu. Tohara hiyo hufanyika miaka ya shufwa, kwa hiyo mzee akikuambia jambo fulani lilitokea mwaka alioingia imbalu, tayari umeondoa nusu ya miaka yote. Muulize kisha mvua zilikuwaje, kahawa ilikuwa imevunwa au bado, siku ilikuwa ya soko au ya kanisa. Ukipata mwaka, mwezi na siku ya juma, tarehe zinazobaki ni nne au tano tu.

Siku ya juma ndiyo kipimo changu cha mwisho, na wanafunzi wanakipenda kuliko vyote. Tarehe ileile husogea siku moja kila mwaka, na siku mbili 29 Februari ikiwa imepita katikati. 9 Oktoba 1962 ilikuwa Jumanne. 1963 ikawa Jumatano. 1964, mwaka mrefu, ikaruka hadi Ijumaa. Endelea hivyo mpaka mwaka 2012 utafika tena Jumanne. Ndiyo, jubilei ya miaka 50 iliangukia siku ileile ya juma na uhuru wenyewe. Mtu akikuletea habari kwamba jambo lilitokea "Jumapili 9 Oktoba 1962 watu walipotoka kanisani", huna haja ya kwenda maktaba kujua kuna kitu kimeharibika.

Hesabu ya miaka ni ndogo lakini inaaibisha. Toa mwaka wa tukio kwenye mwaka uliopo, basi. Mwaka 2025 uhuru ulitimiza miaka 63. Anayesema 64 amehesabu hata ile siku ya kwanza.

Kuchagua, na kishawishi cha kusogeza

Kutoka kwenye matukio kumi na mawili, soma manne, matano yakizidi. Napenda moja la nyumbani, moja la jirani, moja la mbali, na mtu mmoja aliyezaliwa, ili kusiwe na vifo mfululizo. Kalenda ya Uganda ina vita vingi. Usipoangalia, kila asubuhi itakuwa matanga.

Kuna kishawishi lazima nikitaje. Tarehe 7 Oktoba 2020, mjini Valencia, Joshua Cheptegei wa jirani zetu Kapchorwa aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11. Jioni hiyohiyo, kwenye uwanja huohuo, Letesenbet Gidey wa Ethiopia akavunja ya wanawake ya mita 5,000. Hilo ni jua moja, tena uwanja mmoja! Wanafunzi walitaka kulihamishia kwenye karatasi ya 9 Oktoba, "si ni wiki moja, mwalimu?" Nilikataa. Likae tarehe 7, lisomwe tarehe 7. Ukianza kusogeza kwa ajili ya uzuri, kesho utasogeza kwa ajili ya siasa.

Vajont ilinipa usiku mgumu. Nina watoto wanaotoka Bududa, wilaya ya milimani jirani yetu. 1 Machi 2010 mlima ulifunika kijiji cha Nametsi na mamia wakapotea. 11 Oktoba 2018 udongo na mawe vilishuka tena Bududa, siku mbili tu baada ya tarehe tunayoiandaa. Je, nisome habari ya mlima wa Italia mbele ya mtoto ambaye shangazi yake hajapatikana hadi leo? Niliwaita wale wa huko pembeni, nikawaonyesha karatasi kabla. Mmoja akasema, "Soma, mwalimu. Wajue si sisi tu." Tulisoma, tukanyamaza dakika moja. Lau wangekataa, ningeiacha, na bado naona huo ndio utaratibu sahihi: anayeguswa aulizwe kwanza.

Neno moja, masikio matatu

Chukua 7 Julai. Kwa Mtanzania ni Saba Saba: siku chama cha TANU kilipoundwa mwaka 1954, na leo maonyesho ya biashara Dar es Salaam. Kwa Mkenya Saba Saba ni mwaka 1990, uwanja wa Kamukunji jijini Nairobi, mkutano wa kudai vyama vingi ulioitishwa na Kenneth Matiba na Charles Rubia, ambao walikuwa wamekwisha kukamatwa siku chache kabla, na mabomu ya machozi yakafuata. Kwa Mganda wa umri wangu na zaidi, sabasaba si tarehe kabisa. Ni yale makombora yaliyorushwa na jeshi la Tanzania katika vita vya 1978 na 1979, sauti iliyowafanya watu walale chini ya vitanda. Na sasa UNESCO imeifanya 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2022, mwaka huohuo na mwezi huohuo Baraza letu la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi.

Mtangazaji anayesema "heri ya Saba Saba" hewani Mbale bila kujua hayo anawapongeza wengine na kuwashtua wengine. Soma zote tatu, taja nchi, kisha taja lugha inayotuunganisha. Hapa Uganda Kiswahili kimebeba kumbukumbu ya askari na vizuizi vya barabarani kwa muda mrefu. Kila tarehe tunayoisoma kwa Kiswahili kizuri, kwa upole, inakitua mzigo huo kidogo.

Kuandika kwa ajili ya sikio

Msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Sentensi moja, jambo moja. Taja tarehe kwanza, mahali, kisha tukio, na jina gumu lije mwisho ili lisimkwaze msomaji mapema. Miaka isomwe kwa utulivu, elfu moja mia tisa sitini na mbili, si "sitini na mbili" tu. Kwa kuwa 9 Oktoba ni sikukuu na shule imefungwa, sisi huisoma siku ya mwisho ya masomo kabla yake. Hii ni karatasi yetu ya mwaka mmoja, kama ilivyosomwa:

"Shule, hamjambo. Kesho ni tarehe tisa Oktoba. Usiku wa kuamkia siku kama hiyo, mwaka 1962, pale Kololo, bendera ya Uingereza ilishushwa na yetu ikapanda. Kulipopambazuka ilikuwa Jumanne, na Uganda ilikuwa huru. Tarehe hiyohiyo mwaka uliofuata, Kabaka Edward Mutesa wa Pili alikuwa Rais wa kwanza wa nchi yetu. Mwaka 1967, tarehe kama ya kesho, huko Bolivia aliuawa mpiganaji aliyewahi kuishi mashariki ya Kongo kwa jina la Kiswahili, Tatu. Dunia inamjua kama Che Guevara. Mwaka 1906 alizaliwa mshairi aliyekuwa rais wa Senegal, Léopold Sédar Senghor. Na mwaka 2012, nchi yetu ilipokuwa ikisherehekea miaka hamsini, siku hiyohiyo huko Pakistan msichana wa miaka kumi na mitano alipigwa risasi akitoka kwenye mtihani. Alipona. Anaitwa Malala Yousafzai. Kesho mkipumzika nyumbani, muulizeni mzazi: siku ile ulikuwa wapi?"

Isome kwa sauti ukiwa na saa. Hii huchukua dakika moja na nusu kwa msomaji asiye na haraka. Majina ya kigeni yafanyiwe mazoezi jioni, si asubuhi. Mara nyingi mimi humwambia msomaji aandike jina la kigeni kama linavyotamkwa, kwa herufi kubwa, juu ya lile la kweli.

Kukosea, na kadi ya tarehe 4 Julai

Utakosea, na kosa lililosomwa hadharani lirekebishwe hadharani, asubuhi inayofuata, mwanzoni, kwa sauti ileile. Lisipelekwe kwenye kona ya ubao. Sema: "Jana tulisema hivi. Si hivyo. Ni hivi." Kisha kadi ifutwe na iandikwe upya, na tarehe ya marekebisho iwekwe nyuma.

Kosa langu kubwa halikuwa la tarehe. Mwaka mmoja, 4 Julai, tulisoma uvamizi wa Entebbe kama hadithi ya ushujaa: ndege za Israeli, giza, mateka zaidi ya mia moja kuokolewa, kamanda Yonatan Netanyahu kuuawa. Kila neno lilikuwa la kweli na limepitishiwa wino. Watoto walipiga makofi. Nilipokuwa narudi ofisini, askari wa lango, mzee wa watu asiyesema mengi, alinisimamisha.

"Mwalimu," akasema, "na wale wengine?"

"Wepi, Mzee?"

"Askari wetu. Kaka yangu alikuwa zamu pale."

Wanajeshi wa Uganda waliouawa usiku ule walikuwa kadiri ya arobaini na zaidi. Wengi walikuwa vijana waliopangwa zamu tu, hawakuteka ndege ya mtu. Dora Bloch, mateka mzee aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, aliuawa baadaye. Na kwa kuwa ndege za Israeli zilipitia Nairobi kujaza mafuta, Amin akawageukia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, na mamia wakauawa. Hayo yote nilikuwa nayajua. Sikuyaweka kwenye karatasi kwa sababu hadithi ilikuwa inakwenda vizuri bila hayo.

Siku iliyofuata nilisimama mwenyewe badala ya mwanafunzi, nikayasoma. Mzee alikuwa ameacha lango wazi kidogo, amesimama na kofia mkononi. Baadaye nilimpelekea kadi na kalamu, nikamwomba aongeze jina la kaka yake kama anapenda. Alisema jina libaki nyumbani. Akaandika mstari mmoja chini ya maandishi ya wanafunzi, kwa herufi kubwa zilizolala upande: NA WALINZI WA UGANDA. Umeandikwa kwa wino, na kila mwaka unasomwa wa kwanza.